Tutampimaje Mtu Aliyetekwa na Simu?

Wazazi wengi hapa Busale wanasema vijana wao wametekwa na simu. Huenda ni kweli. Lakini katika somo hili twauliza jambo moja tu: tutajuaje nani amezidi, na nani anatumia kama wenzake?

Wataalamu wanacho kipimo. Mwaka 1998 Kimberly Young, mwanasaikolojia wa Marekani, alitoa orodha ya maswali 20. Kila jibu hupewa alama 1 mpaka 5, kisha zinajumlishwa. Anayefikisha 80 huhesabiwa kwamba intaneti imemvurugia maisha sana. Orodha hiyo imefasiriwa kwa lugha nyingi za dunia, na hapo ndipo penye ugumu.

Sote twalijua debe. Debe la mpunga na debe la mahindi ni bati lile lile, lakini mizani haitoi uzito mmoja. (Habari za lumbesa tuziache, tusije tukakasirika bure.) Ndivyo yalivyo na maswali. Swali moja katika orodha ile lauliza mtu hutazama barua pepe mara ngapi kabla ya kufanya kazi inayomngoja. Mkulima wa kakao atajibu "hata kidogo," apate alama ndogo, ingawa usiku kucha yumo katika kamari ya mpira. Jingine lauliza kama watu wa nyumbani hulalamika kwa muda anaoutumia. Nyumba yenye simu moja na watu sita, malalamiko yatakosekanaje, hata akiishika dakika kumi?

Tena saa zenyewe hapa kwetu mara nyingi hukatwa na kwisha kwa bando. Kijana aliyeuza debe la mpunga la mama yake ili apate bando la siku moja ana shida kubwa kuliko karani wa Dar es Salaam anayeshinda kwenye intaneti kwa kazi yake. Ukihesabu saa, karani ndiye mgonjwa.

Hata huko Ulaya kipimo hiki hakikutulia. Watafiti wa Uingereza mwaka 2004 waliona maswali yale 20 yanagawanyika mafungu sita. Waliochunguza tafsiri ya Kifaransa mwaka 2008 wakaona fungu moja. Basi alama 60 za lugha moja haziwezi kulinganishwa na alama 60 za lugha nyingine mpaka ihakikishwe kwamba watu wawili wenye shida sawa hupata alama sawa.

Wafasiri hujitahidi. Mmoja hufasiri kwa Kiswahili, na mwingine asiyeona maandishi ya kwanza huyarudisha kwa Kiingereza. Ni kazi njema, ila swali la barua pepe lingerudi salama salimini, wala mkulima wetu asingepimwa.

Ipo njia nyingine, nayo imejaribiwa nchini kwetu kwa ugonjwa wa sonona. Mwaka 2008 Profesa Sylvia Kaaya wa Muhimbili na wenzake walitoa habari za kipimo cha maswali 19 kilichotungwa hapa hapa Tanzania. Twaona intaneti nayo yastahili kazi ya namna hiyo.

Shirika la Afya Duniani, katika orodha ya magonjwa inayotumika tangu Januari 2022, limeutaja ugonjwa wa michezo ya video. Halikuweka idadi ya saa. Latazama kama mtu ameshindwa kujizuia, ameutanguliza mchezo mbele ya mambo mengine, na anaendelea ingawa madhara anayaona, kwa kawaida kwa miezi 12 au zaidi.

Kwa Busale tungeanza hivi: Je, ameuza kitu cha nyumbani kwa ajili ya bando? Ameacha kwenda kupalilia mpunga kwa sababu hakulala? Amejaribu kupunguza akashindwa? Wazee waulizwe kwa Kinyakyusa, vijana kwa Kiswahili, na kila mmoja aeleze kwanza kwa maneno yake swali alilosikia, kabla hajaandikiwa alama.