Kuingiza Hati katika Kompyuta: Nakala Iende, Asili Ibaki

Wahenga walisema, "Mali bila daftari hupotea bila habari." Katika skuli, daftari zenyewe ndizo mali: daftari la mahudhurio, kitabu cha kuandikishia watoto, karatasi za matokeo, na barua za wazazi. Siku hizi hati kama hizi hupigwa picha kwa skana, kisha huingizwa katika kompyuta na programu inayozisoma, kuzipa majina na kuzipanga bila ya mkono wa mtu. Makala haya yanakusudia kueleza namna mkufunzi anavyoweza kuwafundisha wanachuo kazi hiyo, na hasa kanuni moja isiyofaa kusahauliwa: kompyuta ipewe nakala, na faili la asili libaki pale pale lilipokuwa.

1. Tatizo lenyewe

Programu nyingi za aina hii huangalia folda moja, ambayo hapa tutaiita folda ya mapokezi. Kila faili linalotiwa humo huchukuliwa, maandishi yake husomwa, jina lake hubadilishwa, kisha huwekwa katika ghala la programu. Kazi ikimalizika, faili lililokuwa katika folda ya mapokezi hufutwa. Ndivyo ifanyavyo, kwa mfano, programu iitwayo Paperless-ngx: huihifadhi hati ya asili ndani ya ghala lake, lakini huiondoa katika folda ilimotiwa. Hilo si kosa la programu. Folda ya mapokezi ni mfano wa baraza ya nyumba. Mgeni hupita hapo, halali hapo. Hatari huja pale mtu anapoifanya folda yake ya kazi, yenye hati za miaka mingi alizozipanga kwa taabu, kuwa ndiyo baraza. Akirudi huikuta tupu. Hati zipo ghalani, lakini mahali pake, majina yake ya awali na ujirani wake vimekwenda.

Tena, mashine husoma vibaya. Mwandiko wa mkono huitatiza, na tarakimu 1 huweza kusomwa 7. Mtoto aliyezaliwa tarehe 1 akiandikwa tarehe 7, shahidi wa kumtetea ni ile hati ya kwanza. Ikiwa haionekani, neno la mashine ndilo litakalokuwa neno la mwisho.

2. Funzo la watunza nyaraka

Jambo hili lilifikiriwa kabla ya kompyuta. Mwaka 1841 serikali ya Ufaransa ilitoa waraka ulioagiza kuwa karatasi zilizotoka katika ofisi moja ziwekwe pamoja, zisichanganywe na za ofisi nyingine. Mwaka 1898 Waholanzi watatu, Muller, Feith na Fruin, walichapisha kitabu kilichotilia nguvu kanuni hiyo, wakaongeza kuwa mpangilio wa asili wa karatasi uheshimiwe. Sababu ni wazi: barua hueleweka kwa kuangalia ile iliyoitangulia na ile iliyoijibu. Hata katika Nyaraka za Taifa za Zanzibar zilizopo Kilimani, mtafiti huomba jalada kwa alama na namba yake, na mtafiti mwingine huweza kulifikia jalada hilo hilo kwa alama hiyo hiyo.

Fasihi yetu nayo inatoa mfano. Mashairi ya Muyaka wa Mombasa yalikusanywa na William Taylor kwa msaada mkubwa wa Mwalimu Sikujua. Mwaka 1940 William Hichens aliyachapisha katika kitabu. Lau maandishi ya mkono yangalitupwa kwa hoja kwamba sasa kitabu kipo, kazi ingaliishia hapo. Yalihifadhiwa London, na mwaka 1979 Mohamed Abdulaziz aliweza kutoa kitabu kingine juu ya mshairi huyo. Msomaji wa baadaye huuliza maswali ambayo msomaji wa mwanzo hakuyawaza, na huyajibu kwa kurejea asili.

3. Somo

Somo linahitaji vipindi viwili. Zana ni kompyuta moja kwa kila wanachuo wanne, na hati 20 za majaribio zenye majina ya kubuni. Haifai kutumia hati za watoto wa kweli.

Hatua ya kwanza: bila ya kompyuta. Mkufunzi alete jalada lenye barua sita zilizofuatana. Mwanachuo mmoja azitoe, azipange upya kwa herufi za majina ya waandishi, kisha azirudishe. Mwenzake aulizwe: barua ipi ni jibu la ipi? Tabu atakayoipata ndiyo utangulizi wa somo.

Hatua ya pili: kunakili na kuhamisha. Wanachuo wajaribu vitendo vyote viwili na waseme faili limebaki wapi. Kisha waelezwe kuwa faili likihamishwa kutoka diski moja hadi nyingine, kompyuta hunakili kwanza, ndipo ikafuta la awali. Waulizwe: umeme ukikatika katikati ya kazi, tutajuaje kipi kimefika?

Hatua ya tatu: folda mbili. Ya kwanza iitwe ASILI, nayo ifungwe ili isomeke tu, isibadilishike. Ya pili iitwe MAPOKEZI. Wanachuo wanakili kutoka ya kwanza kwenda ya pili, na programu ielekezwe kwenye MAPOKEZI peke yake. Kabla na baada ya kazi wahesabu mafaili na waandike idadi katika daftari.

Hatua ya nne: alama ya kidole ya faili. Ipo njia ya hesabu iitwayo SHA-256, iliyotangazwa Marekani mwaka 2001, ambayo hutoa mfululizo wa herufi na tarakimu 64 kwa faili lolote. Wanachuo waitoe alama ya faili moja, wabadilishe herufi moja tu ndani ya nakala yake, kisha waitoe tena. Wataona alama imegeuka kabisa. Alama ya asili na ya nakala zikilingana, nakala ni sahihi.

Hatua ya tano: kusahihisha mashine. Kila kikundi kilinganishe maandishi yaliyosomwa na programu na picha ya hati, na kihesabu makosa. Ikiwezekana, iwepo hati moja ya Kiswahili kilichoandikwa kwa herufi za Kiarabu, ili waone upeo wa uwezo wa mashine.

4. Kupima maarifa

Mtihani wa kueleza maana ya maneno hautoshi. Mkufunzi aweke mtego ndani ya zile hati 20: mafaili mawili tofauti, yaliyo katika folda ndogo mbili za ASILI, yote yakiitwa "barua". Wanachuo wakiyanakili yote katika folda moja ya MAPOKEZI, na wakikubali kila kompyuta inapouliza kama ifute lililopo, moja litalifuta jingine na hesabu itakuwa 19. Mwanachuo aliyehesabu atagundua. Asiyehesabu atatoa taarifa kuwa kazi imekamilika. Hapo mkufunzi asikimbilie kutoa jibu. Awaache watafute, na wao wenyewe watarudi katika folda ya ASILI na kuikuta barua iliyopotea. Faida ya kanuni wataipata kwa mikono yao.

5. Hitimisho

Baadhi ya wanachuo watauliza: je, asili haitafutwa kamwe, hata nafasi ikijaa? Wajibiwe kuwa yapo mambo matatu yanayotangulia: hesabu ilingane, alama zilingane, na nakala nyingine iwepo mahali pengine nje ya kompyuta ile. Baada ya hapo, ruhusa ya kufuta itolewe na mwenye dhamana ya hati, iandikwe, na itiwe sahihi. Karatasi nazo haziharibiwi kwa sababu tu zimepigwa picha. Mashine ipewe kazi ya kusoma na kupanga. Uamuzi wa kufuta ubaki kwa mtu anayeweza kuulizwa.