"FREE" SIYO BURE KILA SEHEMU

Leo naongelea neno moja la Kiingereza ambalo nilikuwa nalijua kwa maana moja tu: bure. Lilinila hela.

Niliagiza chupa za maji 60 kutoka China. Kwenye tangazo bei ilikuwa dola 1.80, FOB Ningbo. Nikagugo FOB, nikaona "Free On Board". Nikajua basi, usafiri bure mpaka Mwanza! Nikapiga hesabu, ikaja kama 4,700 kwa chupa, nikaposti kwa 6,500. Watu 23 wakalipia kabisa.

Kumbe hapo "free" maana yake muuzaji anabeba gharama mpaka mzigo upakiwe melini kwenye bandari iliyotajwa, yaani Ningbo kulekule. Kuanzia hapo nauli ya meli, bima, ushuru Dar, basi mpaka Nyegezi, vyote juu yako. Mpaka inafika Igogo chupa moja ilikuwa imenigharimu 7,600. Hasara 1,100 kwa kila mteja, mara 23, ni 25,300. Kuna rafiki aliniambia niwaombe waongeze. Sikuomba, bei niliandika mwenyewe.

Siku hizi kabla sijalipa namuuliza muuzaji: bei hii inaishia wapi? Ghala la wakala wangu, bandarini kwenu, au Dar?

Chupa hizohizo ziliandikwa "BPA free". Mteja akaniuliza, "Dada, hiyo BPA mnatoa bure?" Nikajibu ndiyo, jamani! BPA ni kemikali inayotumika kutengeneza baadhi ya plastiki ngumu, na hapo "free" maana yake haina. Angalia neno limekaa wapi. Likija baada ya jina la kitu, mara nyingi ni "haina". Sugar free, haina sukari. Alcohol free, haina alkoholi, na wateja wa manukato wanaiulizia sana hiyo. Duty free, haina ushuru, ila bidhaa yenyewe unalipia.

Likitangulia, usikimbilie bure. Free shipping kweli ni usafiri wa bure, ila uliza mpaka wapi. Free range ni kuku wa kuachiwa nje, na bei yake unaijua.

Halafu kuna free size. Niliposti gauni nikaandika "linamtosha yeyote". Dada mmoja wa Mkuyuni akalirudisha, halikupita mabegani. Ni saizi moja tu imeshonwa, basi. Sasa naandika kifua na urefu kwa sentimita, na kama kitambaa kinavutika.