Mtoto Aliyekatazwa Vyakula: Angalia Asipate Bwaki

Mama, pengine mtoto wako alikula yai, kisha ngozi ikavimba-vimba, akajikuna, akatapika. Ukaogopa, ukakataza mayai. Jirani akasema: «Kataza karanga pia.» Bibi akasema: «Na samaki, na maharagi.» Sasa mtoto anakula bugali na sombe kidogo tu. Hapo hatari ingine imeingia nyumbani.

HATARI GANI?

Mayai, samaki, nyama, maziwa, maharagi, soja na karanga ndivyo vinajenga mwili. Bugali wa muhogo unashibisha tumbo, lakini haujengi mwili. Ukiviondoa vyote, mtoto anaweza kupata bwaki: miguu inavimba, nywele zinakuwa nyekundu, hataki kula wala kucheza. Bonyeza miguu yake kwa kidole gumba, hesabu polepole mpaka tatu. Shimo likibaki ku miguu yote mbili, mlete siku ileile.

NI CHAKULA KWELI?

Mwili ukikataa chakula, mara nyingi alama zinaonekana upesi, tangu dakika chache mpaka saa mbili. Lakini upele unaowasha usiku, na ndugu zake wanajikuna vilevile, ni ugonjwa mwingine. Kuhara nako mara nyingi kunatoka ku maji machafu. Usishitaki chakula bure.

UFANYE NINI?

1. Kumbuka alikula nini, na alama zilitokea nyuma ya muda gani. Mwambie muganga.

2. Ondoa kile kimoja tu, na weka kingine mahali pake. Mayai yakikatazwa, mpe maharagi ya kuponda ao ndagala za kusaga ndani ya uji. Karanga zikikatazwa, mpe maharagi na kijiko cha mafuta ya mawese.

3. Usimwachishe ziwa mbele ya miaka 2.

4. Mlete kupimwa kila mwezi. Kilo zisipopanda, usingoje.

5. Watoto wengi wanaokataliwa na mayai ao maziwa ya ng'ombe wanapona wakikomaa. Muulize muganga, usijaribu peke yako nyumbani.

Midomo ao ulimi ukivimba, ao pumzi ikiwa nguvu, kimbia naye hospitali mara moja, hata usiku.

MAULIZO

Mtoto wako anakatazwa chakula gani? Nani alikikataza? Umeweka nini mahali pake?