Mwili Baada ya Uzazi: Kupunguza Uzito Huku Ukinyonyesha

Kijitabu hiki ni cha nyumba nzima: mama aliyejifungua, baba wa mtoto, bibi aliyekuja kumlea mzazi, na yeyote anayeshika mwiko jikoni. Uzito wa mama baada ya uzazi hautegemei juhudi zake peke yake. Unategemea nani anapika na nani anachota maji, nani anampokea mtoto alfajiri ili mama alale, na maneno gani yanasemwa mbele yake. Mama anayeambiwa asubuhi “kula, maziwa yatakauka” na jioni “mbona tumbo halirudi?” hana namna ya kuwaridhisha wote.

Mama anayenyonyesha anaweza kupungua bila kumdhuru mtoto, mradi apungue polepole, abadilishe aina ya chakula kabla ya kugusa kiasi chake, na uzito wa mtoto uangaliwe sambamba na wa kwake. Kasi salama ni kama nusu kilo kwa wiki, takriban kilo 2 kwa mwezi. Juhudi hizo zisianze kabla ya wiki 6 hadi 8 tangu kujifungua.

Kilo zinazoondoka zenyewe

Siku ya kujifungua mwili hupoteza kama kilo 5 au 6 kwa mkupuo: mtoto, kondo la nyuma, maji ya uzazi na damu. Siku zinazofuata mama hukojoa sana na kutoka jasho jingi, hata shuka hulowa usiku. Hayo ni maji yaliyojilimbikiza wakati wa ujauzito. Mfuko wa uzazi, ambao mtoto anapozaliwa huwa na uzito wa karibu kilo moja, hunywea hadi kufikia chini ya gramu 100 katika wiki 6 hivi. Kunyonyesha husaidia hapo, kwa sababu kila mtoto anaponyonya, mwili hutoa kichocheo cha oksitosini kinachobana mfuko huo. Ndiyo maana wazazi wengi husikia tumbo likiwakata siku za mwanzo wanaponyonyesha.

Kwa hiyo mama anayetoka wodini tumbo likiwa bado limetuna kama la miezi mitano hana tatizo lolote. Asianze kujinyima chakula. Mila ya arobaini, inayomtaka mzazi apumzike, ale na asikimbilie kazi nzito, inakaribiana na ushauri wa kliniki: mama na mtoto waonwe ndani ya siku mbili za mwanzo, tena ndani ya wiki ya kwanza, kisha kabla mwezi haujaisha, na mara ya mwisho kufikia siku ya 42. Hudhurio hilo la mwisho wengi hulikosa kwa kuwa mama anajiona mzima. Msilikose. Ndipo pa kupima presha na damu, na kwa aliyekuwa na kisukari cha mimba, kuulizia kipimo cha sukari. Ndipo pia pa kuuliza: je, nina uzito wa kupunguza?

Swali hilo ni la lazima, maana si kila mama anahitaji kupungua. Mwenye urefu wa sentimita 160, kwa mfano, huhesabiwa kuwa na uzito uliozidi akifika kilo 64. Aliye chini ya hapo, na hasa aliyekuwa mwembamba kabla ya mimba, aliyepungukiwa damu au anayenyonyesha mapacha, anahitaji kuongezewa chakula. Sehemu zinazofuata za kupunguza zisimhusu.

Maziwa yanatoka wapi

Mtoto anayenyonya bila kupewa kitu kingine hunywa kwa wastani robo tatu ya lita kwa siku. Kuyatengeneza kunamgharimu mama nishati nyingi. Sehemu hutoka kwenye mafuta aliyoyahifadhi wakati wa ujauzito, na iliyobaki, kama kilokalori 500 kwa siku, inapaswa kutoka kwenye chakula. Ndiyo maana anayenyonyesha husikia njaa kali, na njaa hiyo ni ya kweli.

Kinachoita maziwa ni titi kunyonywa na kumalizwa, mchana na usiku. Wali mwingi hauyaongezi, wala lita za uji alizolazimishwa mama kuzinywa. Anywe maji kila anapohisi kiu, na kikombe kiwe karibu naye anaponyonyesha, kwani kiu huja hapo hapo. Kwa upande mwingine, mama akijinyima sana, mwili huendelea kwanza kutengeneza maziwa kwa kumnyang’anya mama akiba yake. Anayeanza kuumia ni yeye: kizunguzungu, uchovu usiokwisha, damu kupungua. Njaa ikiwa kali na ya muda mrefu, maziwa nayo hupungua.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2000 katika jarida la New England Journal of Medicine uliwafuatilia akina mama 40 wa Marekani wenye uzito uliozidi waliokuwa wakinyonyesha. Kundi moja lilipunguza kilokalori 500 kwa siku na kufanya mazoezi siku 4 kwa wiki, kuanzia mtoto alipofikisha wiki 4 hadi wiki 14. Walipungua takriban nusu kilo kwa wiki, na watoto wao walikua sawa na watoto wa kundi la pili. Hilo linatupa moyo, lakini tulisome kwa uangalifu: wale hawakuwa akina mama wenye utapiamlo, na walikuwa chini ya uangalizi. Kwetu tunashauri kusubiri zaidi kidogo, mpaka kidonda kipone na unyonyeshaji ushike.

Jikoni ndipo penye kazi

Tazama sufuria ya mchicha. Anayepika anainamisha dumu, mafuta yanachuruzika, anaacha akiona kitunguu kinaogelea. Hapo vimeingia vijiko vikubwa sita au saba. Kijiko kikubwa kimoja cha mafuta kina kama kilokalori 120, maana yake vijiko vinne tu vinakaribia nishati yote ya ziada anayohitaji mama kwa siku nzima. Mboga ileile inaiva kwa vijiko viwili kwa watu wanne, nyanya zikiachwa zitoe maji yake na sufuria ikifunikwa. Hakuna anayekosa chakula hapo. Mafuta yapimwe kwa kijiko. Dumu lisiinamishwe juu ya sufuria. Badiliko hili moja likifanywa na mpishi, lina faida kuliko mama kukaa bila chakula cha mchana.

Kitu cha pili ni sukari. Mzazi huletewa chupa ya chai ya maziwa na nyingine ya uji. Vikombe vinne kwa siku, kila kimoja vijiko vitatu vidogo vya sukari, ni vijiko 12, na hapo hujahesabu soda ya mgeni. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima asivuke kiwango hicho kwa siku, na linaona ni bora zaidi abaki kwenye 6. Punguzeni kijiko kimoja kwa kila kikombe, ulimi uzoee, kisha kingine. Soda ya chupa ya mililita 350 ina sukari ya karibu vijiko vinane au tisa. Ibaki kwa sherehe.

Vyakula vya mzazi tulivyorithi ni vizuri, tusivitupe. Mtori wa ndizi na nyama unashibisha na unampa mama protini. Mnofu uwe mwingi, mafuta yanayoelea juu yaenguliwe. Supu ya kuku au ya samaki vilevile. Uji wa ulezi unafaa, ila uji uliotiwa karanga, siagi, maziwa na sukari kwa pamoja ni mlo kamili, hivyo usifuatwe na sahani ya wali nusu saa baadaye. Tunasisitiza jambo hili kwa sababu ndipo wazazi wengi wanapoongezeka uzito bila kula kitu kibaya hata kimoja.

Sahani ya mama iwe hivi: nusu yake mboga za majani na matunda, robo maharage, dengu, dagaa, samaki, mayai au nyama, na robo ugali, wali, ndizi au viazi. Ugali wa dona hukaa tumboni kuliko wa sembe. Dagaa wanaoliwa na mifupa yao humpa kalsiamu, ambayo mtoto anaichota kila siku. Mboga isiishe kwa wakubwa kabla mama hajapakuliwa kwa kuwa alikuwa ananyonyesha. Apakuliwe kwanza.

Asiruke mlo. Milo mitatu, na kitu kidogo katikati: chungwa, papai, parachichi nusu, yai la kuchemsha, karanga za kiganja kimoja. Usiku akisikia njaa ale tunda au anywe maziwa, na maandazi yasiwe ndiyo pekee yaliyo karibu na kitanda. Vidonge vya kuongeza damu aendelee kuvimeza kadiri alivyoelekezwa kliniki, hata kama amependa kupungua.

Visivyofaa

Chai na vidonge vya kupunguza mwili vinavyouzwa mitaani na kwenye simu visitumiwe na anayenyonyesha. Vingi kazi yake ni kuharisha. Kilo zinazoonekana kupungua ni maji, na baadhi ya dawa zilizomo hupita kwenye maziwa. Maji ya moto yenye ndimu hayayeyushi mafuta, ingawa hayana ubaya kama kinywaji.

Kujifunga kanga tumboni kunaweza kumsaidia mama kusimama wima na kupunguza maumivu ya mgongo. Hakuchomi mafuta. Mkanda uliokazwa mpaka pumzi inakatika husukuma viungo vya ndani kuelekea chini, kwenye misuli ambayo ndiyo kwanza imetoka kubeba mimba na kusukuma mtoto. Kukanda kwa maji yaliyochemka kumewaunguza wazazi. Maji yawe ya vuguvugu tu, na mwenye mshono wa upasuaji asikandwe tumbo.

Kuhusu mfungo wa Ramadhani: dini imempa ruhusa anayenyonyesha kuahirisha akihofia afya yake au ya mtoto. Asiutumie kama njia ya kupunguza uzito, hasa mtoto akiwa chini ya miezi 6 na hana chakula kingine ila ziwa.

Na mtu asimwachishe mtoto ili mama apungue. Miezi 6 ya maziwa ya mama pekee, kisha chakula cha nyongeza huku akiendelea kunyonya hadi miaka 2 au zaidi, ndiyo haki ya mtoto, na kunyonyesha kwenyewe kunatumia akiba ya mama.

Kuutumikisha mwili

Aliyejifungua kwa njia ya kawaida bila matatizo anaweza kutembea kidogo kidogo tangu wiki ya kwanza. Aliyefanyiwa upasuaji atembee pia ndani ya nyumba, lakini kwa wiki 6 asibebe kitu kizito kuliko mtoto wake. Ndoo ya lita 20 si yake. Baba, hii ni yako.

Zoezi la kwanza halionekani kwa macho: kubana misuli inayozuia mkojo, kuhesabu hadi tano, kuachia, kurudia mara kumi, mara tatu kwa siku. Lifanyike hata wakati wa kunyonyesha. Baada ya siku ya 42, mhudumu akiridhika, mama atembee kwa kasi dakika 30 siku nyingi za wiki, mtoto akiwa mgongoni au amebaki na bibi. Anyonyeshe kabla ya kutoka, matiti yawe mepesi. Mazoezi ya wastani hayaharibu ladha wala wingi wa maziwa. Kama akiinuka kitandani anaona tumbo linatokeza katikati kama kigongo, misuli imeachana; asifanye mazoezi ya kuinua kiwiliwili akiwa chali, aende aonwe kwanza.

Usingizi nao ni sehemu ya kazi hii. Asiyelala hutamani vitamu na hukosa nguvu ya kutembea. Mtu mwingine ambebe mtoto baada ya kunyonya alfajiri, mama apate saa mbili mfululizo.

Kwa walioajiriwa Tanzania Bara, sheria ya ajira inatoa likizo ya uzazi ya siku 84, au 100 kwa waliojifungua zaidi ya mtoto mmoja, na baada ya hapo muda wa kunyonyesha hadi saa mbili katika siku ya kazi. Muda huo uombwe. Mama anayekwenda kazini abebe chakula cha nyumbani, maana anayeshinda njaa hadi jioni huishia kwenye chipsi mayai.

Mimba nyingine ikifuata haraka, uzito wa ile ya kwanza haupati nafasi ya kushuka na damu hairudi. Inashauriwa kusubiri angalau miaka 2 kabla ya kushika mimba tena. Zungumzeni na mhudumu kuhusu njia ya uzazi wa mpango inayomfaa anayenyonyesha, na mama aseme wazi kama anaogopa kunenepa. Zipo njia nyingi za kuchagua.

Mizani mbili

Mama apimwe mara moja kwa mwezi, siku ile mtoto anapopelekwa kliniki. Wekeni matokeo yote mawili kwenye daftari moja. Mstari wa mtoto kwenye kadi unapanda na mama anashuka kilo 1 au 2: endeleeni. Mstari wa mtoto umelala au umeshuka, au anakojoa chini ya mara 6 kwa siku nzima: mama arudishe chakula chote siku hiyohiyo na wote waonwe na mhudumu. Mama akishuka zaidi ya kilo 3 kwa mwezi, hata kama amefurahi, aongeze chakula.

Nendeni kituo cha afya bila kusubiri kliniki mkiona haya: homa, damu nyingi au yenye harufu mbaya, kichwa kuuma sana au macho kuona ukungu, hata wiki kadhaa baada ya kujifungua, mguu mmoja kuvimba na kuuma, kifua kubana, titi jekundu lenye joto na maumivu. Mama anayekonda haraka huku akila vizuri, moyo ukimwenda mbio na mikono ikitetemeka, apimwe tezi ya shingo. Anayekonda akiwa na kikohozi cha wiki 2 au jasho la usiku lisiloisha apimwe kifua kikuu. Na anayelia kila siku kwa zaidi ya wiki 2, asiyetaka kula wala kumshika mtoto, au anayesema afadhali asingekuwepo, ana ugonjwa wenye tiba. Asiachwe peke yake, asindikizwe kituoni leo.