Somo la Historia: Tuyasome Magofu na Mbuga Yetu



Tulipoanza kisomo tulijifunza herufi, kisha maneno, kisha habari nzima. Leo tunajifunza kusoma kitu kingine: mahali. Ukuta uliobomoka unasomeka. Reli inasomeka. Mbuga nayo inasomeka. Sisi wa Kilosa na Mikumi tunapita katika mahali kama hapa kila siku, tukienda shamba, sokoni au stesheni. Je, tunajua tunapita wapi?

Maneno ya kujua kwanza:

Gofu – jengo la zamani lililoachwa na kubomoka. Yakiwa mengi tunasema magofu.
Hifadhi ya taifa – eneo lililotengwa kwa sheria ili wanyama, miti na maji yake yasiharibiwe.
Sheria ndogo – sheria inayotungwa na kijiji au wilaya kwa ajili ya eneo lake.
Kifuta jasho – fedha ambazo serikali humpa mtu aliyeharibiwa mali yake na wanyama wakali.

1. Msowero: karatasi iliyouza nchi

Tuanzie Msowero, kwenye barabara ya kutoka Dumila kwenda Kilosa. Vitabu vya zamani vinaandika Msovero. Hapa hatuendi kutazama ukuta wa mawe. Tunakwenda kusoma habari ya karatasi.

Tarehe 29 Novemba 1884 Mjerumani Carl Peters alifunga mkataba hapa na Chifu Mangungo. Mkataba uliandikwa kwa Kijerumani. Ulisema kwamba Mangungo anaitoa nchi yake kwa chama cha Wajerumani cha kutafuta makoloni. Mangungo aliweka alama yake chini ya maneno asiyoweza kuyasoma. Kwake yeye, huo ulikuwa urafiki na zawadi.

Peters alikusanya karatasi za namna hiyo kwa machifu wengine pia, akarudi nazo kwao haraka. Tarehe 27 Februari 1885 Kaisari wa Ujerumani alitoa hati ya kulilinda eneo hilo. Sultani Barghash wa Zanzibar alipinga. Mwezi Agosti 1885 manowari za Kijerumani zikafika Zanzibar, naye akalazimika kukubali.

Siku hizi watu wakitaka kulaumu mkataba mbaya husema, "Huo ni mkataba wa Mangungo." Lakini tusimcheke mzee wetu. Hakuwa mjinga wa kutawala watu wake. Alinyimwa kitu kimoja tu, nacho ni kujua kilichoandikwa. Sisi tunajua kusoma. Basi atakayetia sahihi karatasi ya shamba bila kuisoma, huyo ndiye wa kulaumiwa.

2. Kilosa: reli na mkonge

Sasa tufuate barabara mpaka Kilosa mjini. Wajerumani walipafanya hapa kituo cha utawala. Reli yao ilianza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Morogoro mwaka 1907, ikapita Kilosa na kufika Kigoma mwaka 1914. Vita Kuu ya Kwanza ilipopiganwa nchini mwetu, majeshi ya Waingereza yaliiteka Kilosa mwezi Agosti 1916.

Ukisimama Kilosa leo unaona reli mbili. Ya zamani ina upana wa mita 1 kati ya chuma na chuma. Ya pili ni ya kisasa, ya umeme, nayo ni pana zaidi. Treni zake za abiria zilianza kwenda mpaka Dodoma mwaka 2024. Mtu anayejua kusoma mahali akiziona hizo reli mbili anasoma zaidi ya miaka 100 kwa mara moja.

Kisha tazama upande wa Kimamba na Rudewa, kwenye mashamba ya mkonge. Mkonge si mmea wa asili hapa kwetu. Uliletwa kutoka Amerika mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf. Miche iliyofika hai ilikuwa 62 tu. Kufikia mwaka 1964 nchi yetu ilikuwa inazalisha zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka. Baadaye kamba za plastiki na nailoni zilienea duniani, bei ya mkonge ikaanguka, na mashamba mengi yakaachwa pori. Kwa hiyo ukikuta banda la korona limebomoka na miti imeota ndani, usiseme tu, "Hili ni pori." Hilo ni gofu. Wazee wetu walikata mkonge pale kwa mikono yao. Bado tunao wanaoweza kutueleza kazi ilikuwaje na mshahara ulikuwaje. Tuwaulize mapema.

3. Mikumi: mbuga iliyokatwa na barabara

Jina la Mikumi limetokana na mti wa mkumi, ambao wengine huuita mvumo. Hifadhi ya Taifa ya Mikumi ilianzishwa mwaka 1964, ikaongezwa mwaka 1975. Sasa ina kilomita za mraba 3,230. Humo wamo tembo, nyati, twiga, nyumbu, pundamilia, viboko na simba.

Upande wa kaskazini ni bonde la Mkata. Misafara ya kutoka Bagamoyo kwenda Ujiji ilivuka bonde hilo. Mwaka 1871 Henry Morton Stanley alilivuka wakati wa masika, akimtafuta Livingstone. Maji na matope yalimtesa yeye pamoja na wapagazi wake. Kumbe hata mbuga ina historia ya watu!

Barabara kuu ya kwenda Iringa na Zambia inapita katikati ya hifadhi kwa kilomita 50 hivi. Abiria wa basi huona twiga bila kulipa kiingilio. Lakini magari yanayokimbia hugonga wanyama. Ndiyo maana kuna matuta na vibao vya mwendo. Sisi abiria tuna haki ya kumwambia dereva, "Punguza mwendo, ndugu yetu."

Tusifiche shida nyingine. Tembo hawasomi vibao vya mpaka. Wakiingia shambani usiku, kazi ya msimu mzima inakwisha. Ikitokea hivyo toa habari mapema kwa serikali ya kijiji, ili ofisa wanyamapori wa wilaya aje apime hasara. Kifuta jasho hakilingani na mazao yaliyopotea, lakini asiyetoa habari hapati hata hicho.

4. Sheria inasemaje?

Hifadhi ina askari wake. Je, magofu yanalindwa na nani? Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inayalinda moja kwa moja majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863. Magofu ya Kaole kule Bagamoyo na ya Kilwa Kisiwani yamo, maana ni ya mamia ya miaka iliyopita. Yaliyojengwa baadaye hulindwa kama yametangazwa rasmi na Waziri.

Hebu tufanye hesabu. Reli ilianza kujengwa 1905. Toa 1863. Jibu ni 42. Yaani reli imechelewa kwa miaka 42, na majengo ya Wajerumani na mabanda ya mkonge nayo yamechelewa. Hayalindwi mpaka yatangazwe. Mtu akibeba matofali kujengea choo, au akiuza mitambo kama chuma chakavu, ukurasa umechanwa. Ukurasa huo haupigwi chapa tena.

Kijiji kina uwezo. Sheria Na. 7 ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1982 inaruhusu sheria ndogo za kijiji. Hatua zake ni hizi:

(a) Halmashauri ya kijiji inaandika mapendekezo.
(b) Mkutano mkuu wa kijiji unatoa maoni.
(c) Halmashauri ya wilaya inaidhinisha.

5. Tukienda kutazama

Tuombe ruhusa kama gofu limo ndani ya shamba la mtu au la kampuni. Tusipande juu ya kuta mbovu. Tusichukue kitu. Tuchukue daftari na kalamu, tuandike jina la mahali, mwaka na maneno ya wazee. Wakienda watu wengi Mikumi, wakodi gari moja na kuchangia gharama. Raia wa Tanzania hulipa kiingilio kidogo kuliko mgeni. Ndani ya hifadhi tusishuke garini ila pale panaporuhusiwa.

Maswali ya kujadiliana

1. Kwa nini mkataba wa Msowero haukuwa wa haki?
2. Katika kijiji chenu kuna gofu gani? Ni nani mzee anayelijua?
3. Soma tena hatua (a), (b) na (c). Kijiji chenu kianzie wapi?
4. Andika habari ya mistari kumi juu ya mahali pamoja pa zamani karibu nanyi, kisha uisome mbele ya wenzako.