Eksirei ya Kifua na Nimonia ya Watoto: Maswali na Majibu

Nimonia ni maambukizi ya vifuko vidogo vya hewa ndani ya mapafu. Vifuko hivyo vikijaa majimaji au usaha, oksijeni haiwezi kupita vizuri kuingia kwenye damu. Mwaka 2019 ugonjwa huu uliua watoto zaidi ya 700,000 wenye umri chini ya miaka mitano duniani, takriban asilimia 14 ya vifo vyote vya umri huo. Mzigo mkubwa zaidi uko Afrika kusini mwa Sahara na Asia Kusini, ambako hospitali ya wilaya huenda ikawa na mashine moja tu ya eksirei, au ikawa na mashine lakini haina daktari bingwa wa kuisoma picha.

Je, nimonia inaweza kutambuliwa bila eksirei?

Ndiyo. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani (WHO), unaotumika katika zahanati, vituo vya afya na hospitali za Afrika Mashariki, hauhitaji picha. Mtoto mwenye kikohozi au anayepumua kwa shida huhesabiwa pumzi kwa dakika nzima akiwa ametulia. Pumzi huhesabiwa kuwa za haraka zikifika 60 au zaidi kwa mtoto wa chini ya miezi miwili, 50 kwa wa miezi miwili hadi 11, na 40 kwa wa miezi 12 hadi 59. Mhudumu huangalia pia kama sehemu ya chini ya kifua inabonyea ndani mtoto anapovuta hewa.

Tangu 2014, WHO inapendekeza kwamba mtoto wa zaidi ya miezi miwili anayepumua haraka au mwenye kifua kinachobonyea, lakini asiye na dalili za hatari, atibiwe nyumbani kwa amoksilini ya kumeza. Anayeshindwa kunyonya au kunywa, anayetapika kila kitu, mwenye degedege, aliyelegea au aliyepoteza fahamu hupewa rufaa, hulazwa na kuchomwa sindano za antibiotiki. Vigezo hivi vimefanywa vipana kwa makusudi: ni afadhali watoto kadhaa wapewe dawa wasiyoihitaji kuliko mmoja mwenye nimonia ya bakteria kurudishwa nyumbani bila tiba.

Picha inaonyesha nini hasa?

Mionzi hupita kwa urahisi penye hewa, kwa hiyo pafu zima huonekana jeusi, huku moyo na mifupa vikionekana vyeupe. Sehemu ya pafu iliyojaa usaha huacha kivuli cheupe, wakati mwingine kikifuata umbo la tundu zima la pafu. Picha inaweza pia kuonyesha maji au usaha uliokusanyika nje ya pafu, hewa iliyovuja kifuani, pafu lililosinyaa, uvimbe wa tezi za kifua kikuu, au moyo uliopanuka.

Je, inaweza kutenganisha bakteria na virusi?

Si kwa uhakika. Kivuli kizito cha tundu moja la pafu huelekeza zaidi kwenye bakteria, na vivuli vyepesi vilivyotawanyika pande zote mbili huelekeza zaidi kwenye virusi, ila aina hizo mbili huingiliana sana. Mtoto mwenye virusi vya RSV anaweza kuwa na pafu lililosinyaa ambalo kwenye picha linafanana na nimonia ya bakteria. Uamuzi wa kutoa au kutotoa antibiotiki hauwezi kuegemea picha peke yake.

Je, picha safi ina maana kwamba mtoto hana nimonia?

Hapana. Katika siku ya kwanza au ya pili ya ugonjwa, kivuli huenda hakijajitokeza. Utafiti wa PERCH, uliofanyika katika nchi saba za Afrika na Asia, Kilifi nchini Kenya ikiwemo, ulihusu watoto waliolazwa wakiwa na nimonia kali au kali sana kwa vigezo vya WHO vya wakati huo. Takriban nusu tu ya picha zilizosomeka zilikuwa na kasoro. Baadhi ya waliobaki walikuwa na maambukizi ya njia ndogo za hewa au pumu, na wengine walikuwa na nimonia ambayo picha haikuikamata. Mtoto anayepumua kwa taabu hutibiwa kulingana na hali yake, hata picha ikiwa safi.

Je, kupiga picha kunaharakisha kupona?

Swali hili lilipimwa mjini Cape Town, Afrika Kusini, katika utafiti uliochapishwa 1998. Watoto 522 wa miezi miwili hadi 59, waliokuwa na maambukizi ya kifua lakini hawakuhitaji kulazwa, waligawanywa kwa bahati nasibu: kundi moja lilipigwa picha, jingine halikupigwa. Makundi yote mawili yalipona kwa wastani wa siku saba. Tofauti ilikuwa kwenye dawa: waliopigwa picha waliandikiwa antibiotiki mara nyingi zaidi. Miongozo ya Uingereza na ya Marekani iliyotoka 2011 nayo haipendekezi picha kwa kila mtoto mwenye nimonia anayetibiwa nyumbani.

Ni lini basi picha inahitajika?

Inahitajika pale ambapo jibu lake litabadilisha tiba. Hali kuu ni hizi:

- Mtoto hajapata nafuu baada ya saa 48 hadi 72 za dawa sahihi, au hali yake inazidi kuwa mbaya.
- Upande mmoja wa kifua hausikiki ukipumua, au ukigongwa unatoa sauti nzito. Huenda kuna usaha wa kutolewa kwa mrija, na antibiotiki pekee hazitatosha.
- Kikohozi kimezidi wiki mbili, uzito unapungua, au kuna mgonjwa wa kifua kikuu nyumbani.
- Shida ya kupumua ilianza ghafla baada ya mtoto kupaliwa na kitu kama karanga au punje ya mahindi.
- Mtoto ana VVU au utapiamlo mkali. Kwa hawa dalili za kawaida hufichika, na kifua kikuu na nimonia ya Pneumocystis ni lazima vifikiriwe.

Kwa nini picha za watoto wadogo hupotosha?

Mtoto hawezi kuambiwa avute pumzi na aishikilie. Picha iliyopigwa wakati anatoa hewa hufanya mapafu yaonekane meupe na moyo uonekane mkubwa. Mwili uliopinda hufanya upande mmoja uwe mweusi kuliko mwingine. Shanga, hirizi na vifungo vya nguo huacha vivuli, hivyo huondolewa kwanza. Tezi ya thaimasi, ambayo ni kubwa kwa watoto chini ya miaka miwili, imewahi kudhaniwa kuwa nimonia au uvimbe. Mtoto akipigwa picha akiwa amelala chali, maji yaliyo kifuani hutandaa nyuma ya pafu na kuonekana kama ukungu tu.

Nani aisome picha?

Katika hospitali nyingi za wilaya husomwa na ofisa tabibu au daktari wa kawaida. Hata mabingwa hutofautiana wanaposoma picha ileile, hasa vivuli vikiwa vyepesi. Ndiyo maana mwaka 2001 WHO ilitoa utaratibu maalumu wa kusoma picha za watoto katika majaribio ya chanjo, ili matokeo ya nchi tofauti yalinganishwe. Utaratibu huo ulilenga utafiti na haukukusudiwa kuongoza tiba ya mtoto mmoja mmoja. Mashine za dijitali zimerahisisha kutuma picha kwa bingwa aliye mbali. Programu za akili mnemba zilipendekezwa na WHO mwaka 2021 kwa kifua kikuu, lakini kwa watu wa miaka 15 na zaidi. Watoto wadogo hawamo.

Je, mionzi yake ni hatari, na picha irudiwe baada ya kupona?

Mionzi ya picha moja ya kifua ni kidogo, inakaribia ile ambayo mwili hupata kwa siku chache kutoka ardhini na angani. Hata hivyo haipaswi kutumika bila sababu. Kivuli kinaweza kubaki kwa wiki kadhaa baada ya mtoto kupona, kwa hiyo aliyepona vizuri hahitaji picha ya pili. Hurudiwa kwa yule ambaye tundu la pafu lilisinyaa, aliyekuwa na kivuli cha mviringo, au ambaye dalili zake hazijaisha.

Je, ultrasaundi inaweza kuchukua nafasi yake?

Kwa sehemu. Haina mionzi, hufanyika kando ya kitanda, na hutambua maji ya kifuani vizuri kuliko eksirei. Huonyesha pia sehemu ya pafu iliyojaa usaha ikiwa inagusa ukuta wa kifua. Iliyo katikati ya pafu haionekani. Matokeo hutegemea sana mafunzo ya anayeitumia.

Hospitali yenye fedha kidogo ianze na nini?

Ianze na oksimita, kifaa kidogo kinachobanwa kwenye kidole cha mkono au cha mguu kupima oksijeni ya damu. Mtoto ambaye kipimo chake kiko chini ya asilimia 90 anahitaji oksijeni, na upungufu huo ni ishara ya hatari ya kifo ambayo picha ya kifua haiwezi kuipima. Kinachofuata ni oksijeni ya kutegemewa saa zote, amoksilini na dawa za sindano, na wahudumu wanaojua kuhesabu pumzi. Eksirei huja baada ya hayo, na hulipa gharama yake pale tu penye umeme wa uhakika, fundi wa kuitengeneza na mtu aliyefundishwa kusoma picha za watoto. Isipokuwepo, mtoto asiyepata nafuu hupewa rufaa mapema, na tiba haicheleweshwi wala kusimamishwa kwa kusubiri picha.