Vita vya Mezani, Amani ya Nyumbani



Tulipokuwa wachumba, wengi wetu tulikuwa na mambo ya kufanya pamoja. Tulitembea, tulicheka, tulisubiriana. Baada ya arusi miaka ikapita, watoto wakaja, na sasa mazungumzo ya jioni ni karo, unga na bili ya stima. Hayo yakiisha, kila mmoja hushika simu yake. Hakuna aliyemkosea mwenzake, lakini polepole mume na mke huwa kama wapangaji wawili katika nyumba moja.

Tuchukue mfano wa bwana na bibi kutoka Kenya wanaofanya kazi Uingereza. Wenzake kazini walimfundisha bwana mchezo wa vita vya mezani. Kila Jumamosi akawa anajifungia chumbani na brashi zake na askari wadogo wa plastiki. Bibi alivumilia. Siku moja akasimama mlangoni, akasema: "Baba watoto, askari wako unawajua mmoja mmoja. Mimi hujaniuliza habari zangu tangu Jumapili."

Bwana alitaka kujitetea kwamba yeye halewi wala hakeshi nje. Hiyo ilikuwa kweli, lakini halikuwa jibu la neno aliloambiwa. Alinyamaza kidogo, kisha akavuta kiti cha pili.

Je, mchezo uliowatenganisha waweza kuwaunganisha? Tuutazame.

MCHEZO WENYEWE

Vita vya mezani si jambo la jana. Mwaka 1824 afisa mmoja wa Prussia, aitwaye Reisswitz, alitoa kanuni za kuwafundisha maafisa wenzake vita kwa kutumia ramani na dadu. Mwanzoni mwa miaka ya 1880, mwandishi Robert Louis Stevenson alikuwa Davos, Uswisi, akitafuta nafuu ya mapafu. Huko alicheza vita vya askari wa bandia na Lloyd Osbourne, mtoto wa mkewe. Baba wa kambo na kijana wakapata mahali pa kukutana.

Mwaka 1913 H. G. Wells alitoa kitabu, Little Wars, chenye kanuni za kucheza nyumbani. Jina refu la kitabu hicho liliwaalika wavulana wa kila umri, lakini wasichana waliingizwa kwa sharti: wawe wale wenye akili zaidi, wanaopenda michezo ya wavulana. Yaani, mlango ulifunguliwa nusu kwa wanawake tangu mwanzo, na waume wengi bado wanauacha hivyo hivyo. Wells alimaliza kitabu chake kwa kusema kwamba vita vidogo vya nyumbani ni bora kuliko vile vikubwa. Mwaka uliofuata, 1914, vita vikubwa vikaanza, vikafika hata Taveta yetu.

Siku hizi mchezo unaojulikana sana ni Warhammer, uliotolewa mwaka 1983 na kampuni ya Games Workshop, yenye makao yake Nottingham. Michezo mingi ya namna hii hutumia visanamu vya kimo cha milimita 28 hivi, visivyozidi kidole gumba. Wachezaji huvipaka rangi wenyewe, kisha huvipanga mezani pamoja na vilima, nyumba na miti ya bandia. Kila mmoja husogeza jeshi lake kwa zamu, akipima hatua kwa inchi, na dadu huamua nani amepiga na nani amekosa.

KUPAKA RANGI PAMOJA

Kazi hii haipendi haraka. Kwanza kisanamu hupakwa andakoti, kama mafundi wetu wa nyumba wanavyofanya, ili rangi ishike. Kikikauka, hupakwa rangi za msingi: nguo, ngozi, viatu. Halafu rangi nyeusi au ya kahawia iliyozimuliwa kwa maji humwagiwa juu, ikaingia katika mikunjo na kufanya vivuli. Mwisho brashi iliyokaushwa karibu kabisa hupitishwa juu juu kwa rangi nyeupe kidogo, na sehemu zilizoinuka zikang'aa. Ukipaka rangi ya pili kabla ya kwanza kukauka, zote mbili zinaharibika.

Kuna faida hapa ambayo huenda hamkuitarajia. Mkiwa mmeketi pamoja, mikono ina kazi na macho yako chini, kimya hakiumizi. Tena, neno gumu kulisema uso kwa uso hutoka kwa urahisi zaidi. Mume asiyeweza kusema "naogopa kupoteza kazi" akitazamwa, huweza kulisema akiwa anapaka kofia ya askari.

Lakini shikeni sharti moja: mtu asichukue brashi yake kurekebisha kisanamu cha mwenzake. Akiomba msaada, msaidie. Asipoomba, msifu kwa kile alichokifanya vizuri.

KUSHINDANA BILA KUUMIZANA

Huenda mtauliza: mume na mke wapigane, hata kwa mchezo? Tuangalie namna wachezaji wazuri wanavyopigana.

Kwanza, kabla ya kuanza wanakubaliana juu ya nguvu. Kila kikosi kina thamani yake kwa pointi, na majeshi mawili huwa na jumla iliyo sawa hata kama hayafanani. Mmoja ana askari wachache hodari, mwingine ana wengi wa kawaida. Anayejifunza aweza kuongezewa pointi, wala si aibu.

Pili, bahati haitukanwi. Ukitakiwa kupata 4 au zaidi kwa dadu ya pande sita, una nafasi 3 kati ya 6. Ukikosa, si mwenzako aliyekukosesha.

Tatu, wakibishana juu ya kanuni na jibu halipatikani upesi, wengi hutupa dadu, wanaendelea kucheza, na kitabu hufunguliwa baadaye. Katika ndoa hatuamui mambo kwa dadu, bila shaka. Lakini ni jioni ngapi zimeharibika kwa sababu ya neno moja ambalo lingeweza kungoja hadi kesho asubuhi?

Na kama kushindana kunawaletea uchungu, kuna michezo ambayo wachezaji wote huwa upande mmoja. Warhammer Quest ya mwaka 1995 ni mmojawapo: kanuni ndizo huongoza adui, na mume na mke hushinda au kushindwa pamoja.

MAMBO YA KUANGALIA

Fedha. Visanamu vya kiwandani ni ghali. Wapenzi wa mchezo wenyewe hutania masanduku yaliyonunuliwa bila kupakwa rangi, wakiyaita rundo la aibu. Patanisheni kiasi mapema, na pasiwe na sanduku la kufichwa chini ya kitanda. Uongo mdogo juu ya kisanamu ni uongo juu ya fedha ya nyumba.

Uwezo. Hamlazimiki kununua. Askari waweza kukatwa kwa kadi au kufinyangwa kwa udongo, na kanuni kadhaa hutolewa bure kwenye intaneti. Wells mwenyewe alipoanza, alipanga vitabu vya ensaiklopidia zuliani viwe nchi yake.

Muda. Jioni moja kwa wiki yatosha. Burudani isiyojua saa ya kulala humwibia mtu, na mara nyingi anayeibiwa ni yule anayeosha vyombo peke yake. Osheni kwanza, wote wawili, ndipo mkae mezani.

ZOEZI LA WIKI HII

Yule bibi wa mfano wetu alipaka askari mmoja tu usiku ule, akampa joho la rangi ya kanga yake. Bwana hakucheka. Aliuliza, "Na wewe, Jumapili ilikuwaje?" Wakaongea hadi rangi ikakauka.

Nanyi jadilianeni bila haraka:

1. Ni jambo gani tulilolifurahia pamoja kabla ya arusi na sasa tumeliacha?
2. Katika burudani yangu, nimemwachia mwenzangu mlango wazi, nusu, au nimeufunga?
3. Tunaposhindana, je, tuna kanuni tulizokubaliana, au kila mmoja hubadili zake akiona anashindwa?
4. Ni jioni ipi ya wiki hii tutakayozima simu na kuketi meza moja?